Bodi inasoma ampea zisizokuwepo: kutafuta kosa la graundi kwenye kigeuzi cha ADC

Bodi tutakayoitumia kama mfano ni ile ambayo mafundi wengi wa sola huishia kuitengeneza siku moja: kipima betri kinachotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Ina shanti ya 50 A/75 mV kwenye waya hasi wa betri (rezista ndogo sana inayopitisha mkondo wote, ili volteji yake ioneshe ampea), chipu ya ADS1115 inayosoma volteji ya shanti hiyo (ni ADC, yaani kigeuzi cha volteji kuwa namba), maikrokontrola ndogo, na modemu ya SIM800L inayotuma usomaji kila baada ya dakika kadhaa. Mezani inasoma vizuri. Ikishafungwa kwenye boksi la betri, inaanza kuripoti ampea kadhaa usiku wa manane wakati kuna taa moja tu inayowaka.

Hapo wengi hukimbilia programu. Wanachukua wastani wa usomaji hamsini, wakiona bado haitoshi wanachukua wa mia mbili. Wastani hupunguza kelele inayopanda na kushuka bila mpangilio. Kosa linaloegemea upande mmoja hauliondoi, na makosa ya graundi (njia ya pamoja ambayo mkondo wa bodi hurudia kwenye hasi) karibu yote huegemea upande mmoja, kwa sababu mkondo unaoyasababisha haubadili mwelekeo. Mkondo wa modemu unarudi kwenye hasi ya betri kila mara, kwa njia ileile.

Tuweke hesabu mezani kwanza. Shanti ya 50 A/75 mV ina ukinzani wa 1.5 mΩ. ADS1115 ikiwekwa kwenye kipimo cha ±0.256 V, kila ngazi moja ya usomaji ni mikrovolti 7.8, ambayo kwa shanti hii ni sawa na 5.2 mA. Sasa tazama shaba ya bodi. Bodi za kawaida zina shaba ya unene wa mikromita 35, na kila mraba wa shaba hiyo, uwe mdogo au mkubwa, una ukinzani wa karibu 0.5 mΩ. Njia ya graundi yenye urefu wa mm 20 na upana wa mm 2 ni miraba kumi, yaani 5 mΩ. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya shanti yenyewe. Kwa maneno mengine, bodi yako ina shanti ya pili ambayo hukuinunua, na swali la kuuliza katika kila dalili iliyo hapa chini ni hili: mkondo wa nani unapita juu yake?

Kabla ya dalili yoyote: funga ingizo

Ondoa waya za shanti. Lehemu kipande kifupi cha waya kati ya AIN0 na AIN1, pini za ingizo za ADS1115, palepale kwenye chipu, ukiunganishe na pini ya GND ya chipu hiyohiyo. Acha modemu itume kama kawaida, na uandike usomaji mia kadhaa ghafi, bila wastani. Cha kutazama ni thamani ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kwenye ±0.256 V na sampuli 128 kwa sekunde, usomaji unapaswa kukaa ndani ya ngazi chache za sifuri.

Ukitulia, chipu na umeme wake ni wazima, kosa liko nje. Sasa hamisha kipande hicho cha waya kinachofunga ingizo: kwanza kwenye kiunganishi cha bodi, halafu mwisho wa waya, ncha zote mbili zikiwa zimebanwa kwenye skrubu moja ya shanti. Mahali ambapo namba zinaanza kuruka ndipo unapojua kosa limo kati ya hapo na hatua iliyotangulia. Jaribio hili halihitaji osiloskopu, na kwa maoni yangu linashinda saa nzima ya kubishana kuhusu mchoro.

Usomaji ukiruka hata chipu ikiwa imefungwa kwenye pini zake, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya umeme wa chipu, iliyo mbele kidogo.

Dalili: usomaji unaruka modemu inapotuma

Hii ndiyo kesi kubwa. Modemu ya GSM haivuti mkondo kwa utulivu. Fremu moja ya GSM ni milisekunde 4.615, na modemu inaporusha, hupewa nafasi ya mikrosekunde 577 ndani ya fremu hiyo. Matokeo yake ni mipigo takriban 217 kwa sekunde, na SIM800L inaweza kufikia 2 A katika kila mpigo. Ni mdundo uleule uliokuwa unasikika kwenye spika ya redio sekunde chache kabla simu iliyo karibu haijaita.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni waya mmoja uliopewa kazi mbili. Fundi anachukua hasi ya bodi kutoka kwenye shanti, kisha anautumia waya huohuo kama rejeo la kipimo: AIN0 inasomwa dhidi ya GND. Waya wa shaba wa 0.5 mm² wenye urefu wa sm 20 una ukinzani wa karibu 7 mΩ. Mpigo wa 2 A ukipita humo unaacha milivolti 14, na kwa shanti yetu milivolti 14 ni zaidi ya ampea 9. Hakuna ampea 9. Kuna waya tu.

ADS1115 katika hali yake ya kawaida ya sampuli 128 kwa sekunde haioni kilele hicho chote, kwa kuwa ni ya delta-sigma na hukusanya kwa karibu milisekunde 8. Ndani ya muda huo kuna mpigo mmoja mara hii, miwili mara ile. Ndiyo maana utaona usomaji ukiyumba kati ya, tuseme, 0.7 A na 1.4 A za uongo, na mtu akadhani ni kelele ya kawaida. ADC iliyo ndani ya maikrokontrola, inayonasa sampuli kwa mikrosekunde chache, inakosea kwa namna nyingine: sampuli nyingi ziko sawa, halafu moja inaruka mpaka juu kabisa.

Tiba ni ya bei ya waya. Soma AIN0 dhidi ya AIN1, usisome dhidi ya GND. Peleka waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kutoka skrubu ndogo za shanti, zile za kipimo, hadi pini hizo mbili, na usiruhusu mkondo mwingine wowote upite humo. Hasi ya kulisha bodi iende kwa waya wake, ifungwe kwenye boliti kubwa. Na uamue mapema ni boliti ipi: ukiifunga upande wa betri, matumizi ya bodi yenyewe hayahesabiwi, ukiifunga upande wa mzigo, yanahesabiwa. Yote mawili yanakubalika mradi umejua ulichochagua.

Chanzo cha pili kiko kwenye bodi yenyewe, hasa zile za upande mmoja zinazochongwa nyumbani kwa feri kloridi. Graundi inaanzia kwenye kiunganishi cha umeme, inapita chini ya ADC, inapita kwenye maikrokontrola, inaishia kwenye modemu. Mkondo wa modemu unaporudi, unapita mlangoni kwa kila mmoja. Ni kama nyumba zilizopangana kwenye mtaro mmoja wa maji machafu: jirani wa mwisho akimwaga pipa, kina kinapanda mbele ya nyumba zote zilizo kati yake na mto. Dawa ni kubadili mpangilio wa nyumba. Modemu ikae karibu kabisa na kiunganishi cha umeme, njia yake ya kurudi iwe fupi na pana, na ADC iwe upande wa pili, mahali ambapo mkondo huo hauna sababu ya kupita. Kwa bodi iliyokwishatengenezwa, waya mnene uliolehemiwa kutoka graundi ya modemu hadi kwenye kiunganishi, pamoja na kukata njia ya zamani, huokoa hali.

Kuna imani kwamba kapasita kubwa ya 1000 µF kando ya modemu inamaliza tatizo. Piga hesabu: 2 A kwa mikrosekunde 577 ni milikulombi 1.15. Kapasita ya 1000 µF ikiachwa itoe chaji hiyo peke yake, volteji yake inashuka kwa volti 1.15, na SIM800L, inayotaka kati ya 3.4 V na 4.4 V, itazimika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo bado inatoka kwenye regileta na inarudi kwa graundi. Kapasita iweke, inalainisha kingo za mpigo na kuzuia modemu kujizima ovyo. Usiitegemee kutibu ADC.

Chanzo cha tatu hufanana na hivyo viwili kwa mdundo lakini si cha graundi: mawimbi ya redio yenyewe. Antena ikiwa sentimita chache kutoka kwenye waya za shanti, waya hizo hupokea, na vijenzi vilivyo ndani ya pini za chipu hugeuza mawimbi kuwa volteji tuli. Kutofautisha ni rahisi. Sogeza antena, iweke mbali kadiri kebo yake inavyofika, au izungushe. Kosa likibadilika sana, ni redio. Likibaki palepale, ni shaba. Kwa redio, weka rezista ya 100 Ω kwenye kila ingizo na kapasita ya 1 nF ya aina ya C0G kati ya ingizo na ingizo, vyote vikiwa karibu na pini. Usiongeze rezista ovyo: kwenye ±0.256 V ingizo la ADS1115 lina ukinzani wa karibu 710 kΩ kati ya pini mbili, kwa hiyo rezista mbili za 10 kΩ zitakula karibu asilimia 2.7 ya kipimo chako.

Programu nayo ina msaada mmoja wa haki, na mimi huutumia hata bodi ikiwa nzuri: soma kwanza, halafu ndipo uiruhusu modemu irushe. Haufai kwa anayehitaji kupima mfululizo, lakini kwa taarifa ya kila dakika kumi unatosha.

Dalili: uligawanya graundi na mambo yakazidi kuharibika

Ushauri wa zamani wa kutenganisha graundi ya analogi na ya dijitali, kisha kuziunganisha kwa nukta moja, bado unazunguka, na unaharibu bodi nyingi kuliko unazoponya. Ukiukata uso wa graundi kisha ukavusha njia za saa na data juu ya ufa huo, mkondo wa kurudi wa njia hizo unanyimwa daraja. Unalazimika kuzunguka hadi kwenye nukta ile moja, na kitanzi kinachozaliwa kinarusha na kupokea kelele kama antena.

Chanzo kingine cha mkanganyiko ni majina ya pini. Chipu zenye pini za AGND na DGND zimeitwa hivyo kueleza pini hiyo inaelekea sehemu gani ndani ya chipu. Nje ya chipu, karibu kila mara zote mbili zinatakiwa kushuka kwenye uso mmoja wa graundi, palepale chini ya chipu, kwa njia fupi kuliko zote. Ukizipeleka kwenye graundi mbili zilizo mbali, tofauti ya volteji kati yake inapita ndani ya ADC yako.

Jaribu hivi: lehemu madaraja ya waya mfupi kuvuka ufa, hasa pale njia za data za I2C au SPI zinapovuka. Kelele ikipungua, ufa ndio uliokuwa tatizo. Bodi ijayo itoke na graundi nzima upande wa chini, bila kukatwa, na vifaa vipangwe kwa maeneo.

Ila hapa pana jambo ambalo watetezi wa graundi moja hulipita haraka. Kauli kwamba mkondo hurudi chini ya njia yake ni kweli kwa masafa ya juu, mamia ya kilohezi na kuendelea, ambako induktansi ndiyo inayoamua. Mdundo wa 217 Hz na mkondo tuli wa relei hufuata ukinzani mdogo, na husambaa kwenye uso wote kati ya kiunganishi na mzigo. Hata uso mzima wa graundi, ukiwa na 1 mΩ tu kati ya nukta mbili, unaacha milivolti 2 chini ya mpigo wa 2 A. Kwa anayesoma dhidi ya GND hizo ni 1.3 A za mazigazi. Kwa hiyo uso mzima haukuondolei kazi ya kupanga: ADC isikae kwenye mstari kati ya mahali umeme unapoingia na mahali unapoliwa. Ikilazimu kukata mfereji mdogo ili kuuelekeza mkondo mkubwa pembeni, ukate, mradi hakuna njia ya ishara inayouvuka.

Dalili: pini zimefungwa na bado namba zinaruka

Sasa kosa liko kwenye umeme wa chipu au rifarensi yake, yaani volteji ambayo ADC hulinganisha nayo. Angalia kapasita ya 100 nF ya VDD, pini ya umeme wa chipu. Iwe jirani na pini, na mguu wake wa pili ushuke kwenye graundi palepale. Kila milimita ya njia huongeza karibu nanohenri moja, na kapasita iliyo sentimita tatu mbali iko kwenye mchoro tu.

Kisha lisha chipu kwa muda kutoka kwenye betri ndogo au regileta ya LDO, ambayo haiswichi. Kelele ikipotea, tazama regileta ya kuswichi. LM2596 huswichi kwa 150 kHz, na koili iliyo wazi juu yake inarusha sumaku kwa kila njia iliyo karibu. Wakati mwingine kuizungusha moduli nusu duara hubadilisha usomaji, na huo ni ushahidi wa kutosha. Usidhani chujio la ndani la delta-sigma litakulinda kwa kila kitu: modulata ya ADS1115, sehemu inayochukua sampuli, hufanya kazi kwa karibu 250 kHz, na kelele iliyo karibu na masafa hayo au mafungu yake hupenya ikiwa imejificha kama badiliko la taratibu. Rezista na kapasita mlangoni ndizo za kuizuia, lakini kwa masafa haya 1 nF iliyotajwa juu ni ndogo mno, kwa kuwa na rezista mbili za 100 Ω huanza kukata karibu 800 kHz; 100 nF hukata kuanzia karibu 8 kHz.

Kwa anayetumia ADC ya ndani ya maikrokontrola, rifarensi mara nyingi ni umeme uleule wa 3.3 V. Umeme ukiyumba kwa asilimia moja, kila usomaji unayumba kwa asilimia moja. Na kwa ESP32, usiilaumu graundi kwa makosa ya chipu: pini za ADC2 hugombana na Wi-Fi, na mwisho wa juu na wa chini wa kipimo haunyooki.

Dalili: usomaji unabadilika ukichomeka kompyuta

Chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri yake. Usomaji ukirudi kawaida, mkondo wa 50 Hz ulikuwa unatoka kwenye chaja, unapita kebo ya USB na graundi ya bodi hadi kwenye mfumo wa sola. Bodi haina kosa. Tumia kitenganishi cha USB, au soma kwa Wi-Fi wakati wa kupima.

Dalili: chaneli moja inaivuta nyingine

Unasoma volteji ya betri, halafu joto, na joto linapanda betri ikipanda. Hii ni ya ukinzani wa chanzo. ADC ya ndani ina kapasita ndogo inayojazwa kila sampuli. Ikiwa chanzo ni dhaifu, haijai kwa wakati na inabaki na kumbukumbu ya chaneli iliyopita. Kwa ATmega328P mtengenezaji anapendekeza chanzo cha 10 kΩ au chini. Ukiwa na kigawanyo cha volteji (rezista mbili zinazoipunguza) cha mamia ya kilo-omu, weka 100 nF kutoka pini hadi graundi, au tupa sampuli ya kwanza baada ya kubadili chaneli.

Dalili: asubuhi na wakati wa mvua usomaji unashuka

Hii wanaijua mafundi wa Mombasa, Tanga na Zanzibar kuliko wa nyanda za juu. Ili kuhifadhi betri, kigawanyo kimetengenezwa kwa 1 MΩ juu na 220 kΩ chini. Mabaki ya fluksi ya kulehemia kwenye bodi yanavuta unyevu na kuwa rezista isiyo kwenye mchoro. Ikiwa ni 10 MΩ tu sambamba na ile ya chini, usomaji unapungua kwa karibu asilimia 1.8: betri ya risasi yenye 12.7 V inaonekana ina 12.47 V, na programu inaanza kukata taa za watu ambao betri yao imejaa.

Puliza eneo hilo kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa joto la wastani. Usomaji ukipanda taratibu na kushuka tena baada ya saa chache, umeshampata mhusika. Osha kwa pombe ya isopropili na mswaki, upande wa juu na wa chini, pamoja na chini ya rezista zenyewe. Kupangusa juu juu husambaza fluksi badala ya kuiondoa. Kausha vizuri, ndipo upake vanishi ya bodi. Ukipaka kabla ya kuosha, unaufungia unyevu ndani, na safari ijayo utalazimika kuikwangua vanishi hiyo kwanza.